Fani Isiyofundishwa Sekondari na Mlango wa Chuo Kikuu: Isimu na Jiolojia kwa Mwanafunzi wa Kimbiji

1.0 Utangulizi

Swali linalojadiliwa katika makala haya ni la kawaida kuliko linavyoonekana: mwanafunzi aombeje nafasi ya chuo kikuu katika fani ambayo shule yake haikuwahi kuifundisha? Ni swali la sera ya elimu, lakini ni swali la lugha pia. Kitu cha kwanza anachokikosa mwanafunzi wa namna hiyo ni jina la kile anachokitaka. Cha pili ni uwezo wa kuzisoma sentensi chache za masharti ambazo ndizo humfungulia au humfungia mlango. Maarifa ya fani yenyewe huja nafasi ya tatu, na chuo kikuu kwa kawaida hakimdai.

Mfano unaotumiwa hapa ni wa Kimbiji, kata ya mwambao iliyoko kusini-mashariki mwa jiji la Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Kimbiji ilihesabiwa chini ya Temeke, hadi Kigamboni ilipofanywa wilaya inayojitegemea katikati ya miaka ya 2010. Ni mahali pa uvuvi, minazi na mihogo. Wenyeji wake ni Wazaramo na watu wengine wa Mrima, na Kiswahili chao ni cha kuzaliwa, hakikuletwa na shule. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, chini ya ardhi yake mna maji ambayo yamewashughulisha wanajiolojia kwa miongo kadhaa. Pili, juu ya ardhi hiyo mna lugha ambayo ingepaswa kuwashughulisha wanaisimu. Mtoto aliyekulia hapo amezungukwa na malighafi ya fani mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo itakayotajwa kwa jina lake katika ratiba ya masomo yake ya sekondari.

2.0 Historia fupi ya jambo lenyewe

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kuomba kusoma kitu kisichofundishwa sekondari si jambo la ajabu Tanzania. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza kwa namna hiyo hasa. Kilipofunguliwa mjini Dar es Salaam Oktoba 1961, kikiwa chuo chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha Sheria. Sheria haikuwa somo la sekondari wakati huo, wala haijawa hadi leo. Wanafunzi wale wa kwanza walidahiliwa kwa nguvu ya masomo mengine, na hakuna aliyewauliza kama walikwisha kusoma mikataba au jinai. Udaktari nao ni vivyo hivyo: hakuna shule inayofundisha tiba, lakini kila mwanafunzi wa kidato cha tano anajua kwamba njia ya kwenda huko ni fizikia, kemia na baiolojia.

Tofauti basi haiko kati ya fani zinazofundishwa na zisizofundishwa. Iko kati ya fani ambazo jamii inazijua kwa watendaji wake na zile ambazo haizijui. Kimbiji wanajua daktari ni nani. Wakili pia wanamjua, hata kama ni kwa kesi za mashamba, ambazo tangu mji uanze kutambaa kuelekea kusini hazikosekani. Mwanaisimu hawamjui. Mwanajiolojia wamemwona akipita na mitambo, wakamwita fundi wa visima.

Azimio la Musoma la 1974 liliwahi kugusa suala hili kwa njia ya mzunguko. Lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake na hatimaye uliachwa, lakini ulimpa kijana nafasi ambayo leo hana: kukutana na fani kazini kabla ya kuiandika katika fomu ya maombi.

3.0 Isimu: fani iliyomo darasani bila jina

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania husoma isimu nyingi kuliko anavyodhani. Katika somo la Kiswahili hufundishwa ngeli za nomino, aina za maneno, uchanganuzi wa sentensi na unyambulishaji wa vitenzi. Akifika kidato cha tano na cha sita huongezewa chimbuko na maendeleo ya Kiswahili, tafsiri na ukalimani, na sehemu kubwa zaidi ya sarufi. Yote haya huitwa Kiswahili. Neno isimu lenyewe, lenye asili ya Kiarabu na maana ya msingi ya 'jina', lilikuwa limekwisha kuota mizizi katika maandishi ya kitaaluma wakati Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Halikuvuka kwa urahisi ukuta wa shule.

Ushahidi wa ukuta huo umo katika majalada ya vitabu. Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya Massamba, Kihore na Hokororo, iliyotolewa na TUKI mwaka 1999, ina maneno 'Sekondari na Vyuo' katika jina lake. Vivyo hivyo Fonolojia ya Kiswahili Sanifu iliyofuata mwaka 2004. Waandishi waliona daraja kati ya pande mbili na wakaliandika wazi. Sekondari haikulivuka kwa kiasi kile walichokitarajia: vitabu hivyo vilikaa zaidi mikononi mwa wanachuo na walimu, na mwanafunzi wa kidato cha sita aliendelea kukariri orodha ya ngeli kwa ajili ya mtihani pasi na kuambiwa kwamba kuna watu wanaoshughulika na swali la kwa nini ngeli zipo.

Swali hilo la 'kwa nini' ndilo linalomtenganisha mwanaisimu na mwanafunzi mzuri wa sarufi, na linaweza kupimwa kwa kijana ambaye hajawahi kusikia neno fonolojia. Yachukuliwe maneno haya, umoja na wingi wake:

ukuta – kuta; upande – pande; ufunguo – funguo;
ubao – mbao; udevu – ndevu; ulimi – ndimi;
wimbo – nyimbo. Uso – nyuso. Uzi – nyuzi.

Hakuna mtoto wa Kimbiji anayekosea wingi wa maneno haya. Lakini akiulizwa kwa nini ubao huwa mbao ilhali ukuta hauwi *nkuta, atanyamaza kidogo. Akipewa muda na karatasi, ataona kwamba mstari wa kwanza una mashina yanayoanza kwa k, p na f, na wa pili b, d na l. Akiweka vidole kooni na kutamka sauti hizo moja moja, atagundua kwamba koo hutetema kwa b, d na l, na halitetemi kwa k, p na f. Hapo amefika kwenye tofauti ya konsonanti ghuna na zisizo ghuna kwa kidole chake mwenyewe. Kinachobaki ni kueleza kwamba wingi wa kundi hili una kiambishi cha nazali. Nazali hiyo hudondoka mbele ya sauti isiyo ghuna, hubaki mbele ya sauti ghuna na kufuata mahali pake pa matamshi (m mbele ya b, n mbele ya d), na ikikutana na l huigeuza kuwa d. Mstari wa tatu una siri nyingine: shina -imbo huanza kwa irabu, na -so na -zi ni mashina ya silabi moja ambayo hayakubali kuachwa peke yake, hivyo u- yao hubaki na nazali huja kwa umbo la ny-.

Zoezi hili halihitaji kitabu. Linahitaji data, subira na kutoridhika na jibu la 'ndivyo tunavyosema'. Warusi walilitambua jambo hili mapema: mashindano ya isimu kwa wanafunzi wa sekondari yalianza Moscow mwaka 1965, na tangu 2003 yamekuwa ya kimataifa. Kanuni yake ni kwamba fumbo lazima litatuliwe bila maarifa ya awali ya isimu wala ya lugha inayohusika. Ni chombo kilichobuniwa kumpata mwanafunzi wa fani ambayo shule haiifundishi. Lugha za Kibantu, kwa utajiri wake wa viambishi, ni chanzo kizuri cha mafumbo ya namna hiyo, na ni ajabu kidogo kwamba mtoto wa Moscow aweze kupewa ngeli kama fumbo la kufurahia ilhali wa Kimbiji anapewa kama orodha ya kukariri.

Kuna jambo jingine linalohusu Kimbiji moja kwa moja. Kiswahili cha Mrima na Kizaramo vyote viwili husikika majumbani huko. Shuleni, umbo la Kimrima au la Kizaramo likijitokeza katika insha hupigwa mstari mwekundu, na kwa madhumuni ya mtihani wa Kiswahili sanifu ni haki lipigwe. Katika isimu umbo lilelile ni data. Sarufi ya Kizaramo iliyoandikwa na mmisionari Worms ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1897, na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kijana anayejua kwamba matamshi ya bibi yake yamewahi kuandikwa kitabuni ataiona fani hii kwa jicho tofauti na yule aliyeambiwa tu kwamba anaharibu Kiswahili.

Kwa upande wa udahili, habari ya isimu ni nzuri. Mlango wake uko karibu. Programu za lugha na isimu katika vyuo vikuu vya Tanzania kwa kawaida hutegemea masomo ya lugha ya kidato cha sita, na mwanafunzi wa HKL, HGK, HGL au KLF ana sehemu ya kuanzia. Tatizo lake ni moja: anapofungua orodha ya programu hutafuta 'Kiswahili', 'Ualimu' na 'Sheria', kisha hufunga kitabu.

4.0 Jiolojia: jina linajulikana, mlango uko mtaa mwingine

Hali ya jiolojia, au elimumiamba kama wengine wanavyopendelea kuiita, ni kinyume cha hiyo, na ndiyo yenye hasara kubwa zaidi kwa mwanafunzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 visima vya kutafutia mafuta na gesi vilichimbwa Kimbiji. Biashara ya mafuta haikupatikana, lakini kumbukumbu za visima vya aina hiyo katika pwani hii ziliposomwa upya na wataalamu wa maji zilionyesha kitu kingine: matabaka mazito ya mchanga wa enzi ya Neojini yenye maji matamu kwenye kina kirefu, karibu kabisa na bahari. Tabaka hilo limebeba jina la Kimbiji katika maandishi ya kisayansi. Baadaye visima virefu vilichimbwa Kimbiji na Mpera kwa ajili ya jiji, ambalo kwa muda mrefu lilitegemea zaidi mto Ruvu. Ruvu ilipopungua kwa ukame mwaka 2022 na maji yakagawiwa kwa zamu jijini, mradi wa visima vya Kigamboni ulizinduliwa Novemba mwaka huohuo, ukiwa na uwezo uliotajwa wa lita milioni 70 kwa siku. Kwa hiyo mtoto wa Kimbiji ameona kwa macho yake maana ya kujua kilichomo chini ya ardhi. Anajua pia, bila kufundishwa, kwamba kisima kifupi kilichochimbwa ovyo karibu na pwani huweza kutoa maji ya chumvi.

Mtoto huyu akiingia darasani, ni somo lipi litakalomzungumzia mambo haya? Ni jiografia. Humo atakuta miamba na aina zake, mmomonyoko, maji ya chini ya ardhi, chemchemi na visima. Ni jambo la busara, kwa mantiki ya mtoto, kuchagua kombi yenye jiografia ili aje kuwa mwanajiolojia. Akiwa hodari wa historia na Kiingereza pia, atajaza HGL. Atafaulu vizuri. Miaka miwili baadaye atagundua kwamba shahada ya jiolojia ni ya sayansi, kwamba inataka masomo kama kemia, fizikia na hisabati, na kwamba jiografia yake, hata ikiwa na A, haimfikishi huko peke yake. Somo lililomfundisha miamba silo somo linalompeleka kwenye miamba.

Kosa hilo halikufanyika kidato cha sita. Kwa mtaala uliotumika kwa miaka mingi, mwanafunzi aliweza kuacha fizikia na kemia baada ya kidato cha pili, akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi. Aliyeyaacha wakati huo alikuwa amekwisha kuiaga jiolojia, uhandisi wa maji na udaktari kwa pamoja, mara nyingi akidhani anaaga mwalimu mkali tu. Shule nyingi za kata zilizoenea baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004 zilianza bila maabara na bila walimu wa kutosha wa sayansi na hisabati. Hivyo baadhi ya wanafunzi hawakuacha masomo hayo kwa hiari, bali masomo yaliwaacha. Mlango wa pili hufungwa kwenye kuchagua tahasusi ya kidato cha tano. Mlango wa tatu, ule wa chuo kikuu, ndio pekee ambao watu huuita mlango, na ukifika zamu yake hakuna la kuchagua isipokuwa ndani ya kile kilichobaki.

Maneno yenyewe yanasema kweli kuliko yanavyosikilizwa. Tahasusi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kujifunga kwenye jambo mahususi. Istilahi ya zamani zaidi, mchepuo, hutokana na kuchepuka, yaani kuiacha njia kuu na kushika ya pembeni. (Umbo la jirani, mchepuko, limepata maana nyingine mitaani, na mwalimu anayelitamka vibaya darasani hulipia kwa vicheko.) Wanafunzi wenyewe husema kombi, neno lililofupishwa ambalo halidokezi kujifunga wala kuchepuka, linadokeza mkusanyiko wa herufi tatu tu. Inawezekana kwamba neno jepesi limechangia kufanya uamuzi mzito uonekane mwepesi.

Mwezi Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, na kufanya jumla kuwa 65. Nyingi kati ya zile mpya zimepanua nafasi za lugha, sanaa, michezo na elimu ya dini. Upanuzi huo ni wa manufaa, lakini kila tahasusi iliyoongezwa ni sentensi moja zaidi ya kusoma kwa makini, na wala isimu wala jiolojia haikupata kuwa somo ndani yake.

5.0 Sarufi ya masharti

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili wenye programu zote na masharti yake. Mwongozo huo huandikwa kwa Kiingereza. Mwombaji aliyesoma sekondari kwa Kiingereza anatarajiwa kuumudu, lakini mzazi wake, ambaye mara nyingi ndiye mshauri wake pekee, hatarajiwi na hasemeshwi. Masharti yakielezwa nyumbani kwa Kiswahili hupitia tafsiri ya haraka ya mtoto mwenyewe, na hapo ndipo viunganishi vidogo hupotea.

Msingi wa masharti ni huu: ufaulu mkuu (wanafunzi husema prinsipo) katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, kutoka katika masomo ambayo programu imeyataja kuwa ndiyo yanayotoa sifa. Programu nyingine hudai zaidi ya hapo. Udaktari, kwa mfano, hudai masomo matatu. Kwa matokeo ya tangu 2016, A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. S ni nusu pointi na si ufaulu mkuu. Uzito wa kanuni hii uko kwenye kishazi cha mwisho, 'ambayo programu imeyataja', nacho ndicho husahauliwa kwanza.

Ichukuliwe programu ya kubuni inayodai ufaulu mkuu katika Kiswahili na katika mojawapo ya Historia, Kiingereza au Kifaransa. Mwanafunzi wa HGK aliyepata Historia B, Jiografia A na Kiswahili S ana jumla ya 9.5, na hana sifa: A yake iko kwenye somo lisilotajwa na S yake iko kwenye somo la lazima. Mwenzake wa HKL aliyepata Kiswahili D, Kiingereza D na Historia E ana jumla ya 5, na anazo sifa, kwa kuwa D mbili zinatosha kufikia 4.0 ndani ya masomo yaliyotajwa. Huyu wa pili huenda asipate nafasi kama ushindani ni mkali, lakini jina lake litafikiriwa. La wa kwanza halitafikiriwa kabisa.

Hatari nyingine ni ya kimuundo. Kishazi 'Kemia na Fizikia au Hisabati' kina mabano mawili yanayowezekana: [Kemia] na [Fizikia au Hisabati], ama [Kemia na Fizikia] au [Hisabati]. Kwa usomaji wa kwanza, mwenye Kemia na Hisabati anafaa na mwenye Hisabati bila Kemia hafai. Kwa usomaji wa pili, mwenye Hisabati peke yake angeonekana anafaa. Kiingereza cha mwongozo huziba mwanya huo kwa maneno ya kuongezea, na Kiswahili kinaweza kuuziba vizuri zaidi kwa kusema 'Kemia pamoja na mojawapo kati ya Fizikia na Hisabati'. Tafsiri ya mdomo haifanyi hivyo. Vilevile 'mawili yoyote' na 'yote mawili' hutofautiana kwa silabi moja na mpangilio wa maneno, na tofauti hiyo ni sawa na mwaka mzima wa maisha ya kijana aliyeomba pasipo sifa.

Kwa mwombaji wa fani isiyofundishwa, usomaji unaofaa huanzia mwisho. Achukue programu anayoitaka, aandike masomo yanayotoa sifa kwa mpangilio wa lazima na hiari, kisha atafute tahasusi zenye masomo hayo, kisha aangalie ni masomo gani ya kidato cha nne yanamfikisha kwenye tahasusi hizo. Kazi hii ni ya jioni moja kama mwongozo upo, na wakati wake ni kidato cha pili, au kwa kuchelewa kidato cha nne. Waliokwisha kujaza fomu ya uchaguzi bado wana upenyo mdogo: katika miaka ya karibuni TAMISEMI imekuwa ikifungua, baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka, muda maalumu wa kubadilisha tahasusi kwa njia ya mtandao. Majuma hayo machache ni muhimu kuliko msimu wote wa maombi ya chuo kikuu, na huko Kimbiji mara nyingi hupita wakati mwanafunzi yuko nyumbani, mbali na mwalimu wa taaluma.

Ieleweke pia kwamba fomu ya udahili ya Tanzania haimuulizi mwombaji kwa nini anaitaka fani. Katika vyuo vingi vya Marekani mwombaji huandika insha ya kujieleza, na anaweza kuingia bila kuamua fani kuu hadi mwaka wa pili. Huko kijana wa pwani angeandika habari za kisima cha chumvi na mtu angeisoma. Hapa mapenzi hayana safu yake katika fomu. Yanapaswa kugeuzwa mapema kuwa herufi tatu na alama, au yabaki kuwa mapenzi. Utaratibu huu una haki yake, kwani insha huwapendelea waliofundishwa kuziandika, lakini unamtwika mwombaji wa fani isiyofundishwa mzigo ambao mwenzake anayeomba ualimu wa historia hana.

6.0 Waliokwisha kupitwa na mlango

Mwanafunzi wa HGL anayependa miamba hajafikia mwisho, ila njia yake imekuwa ndefu. Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, hutoa mafunzo ya stashahada ya haidrojiolojia na uchimbaji wa visima vya maji. Hiki ni chuo ambacho kijana wa Kimbiji anaweza kukifikia kwa kivuko au kwa Daraja la Nyerere na mabasi mawili, na kazi yake inahusu moja kwa moja kile kilicho chini ya kata yake. Sifa zake huangalia ufaulu wa kidato cha nne, ukiwemo wa masomo ya sayansi. Kwa hiyo aliyeacha kemia na fizikia baada ya kidato cha pili atalazimika kuyarudia masomo hayo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kurudia masomo mawili ya kidato cha nne ni kazi ya mwaka mmoja au miwili, na watu huifanya. Mwenye stashahada ya wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada kwa sifa linganifu, na hapo anarudi kwenye mwongozo uleule na viunganishi vilevile, safari hii katika safu ya pili ya jedwali, ambayo hutaja ni stashahada zipi zinakubaliwa na programu ipi.

Kwa isimu, njia ya nyuma imezoeleka zaidi ingawa haitambuliwi rasmi. Hupitia ualimu. Wahitimu wa stashahada ya ualimu wa Kiswahili huingia vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, baada ya miaka kadhaa kazini. Wamefundisha ngeli mara nyingi kuliko wanavyoweza kukumbuka. Mwaka wa kwanza, katika kozi ya fonolojia, ndipo wengine hukutana na neno nazali likiwa limeambatanishwa na mbao na ndevu walizokuwa wakiziandika ubaoni, na katika madarasa ya jioni wahadhiri wamezoea swali linalofuata: kwa nini jambo hili halikuwa katika kitabu cha kidato cha tatu.